Chupa za Maharage Dirishani kwa Tabibu

Pale sokoni Iringa wauza maharage walikuwa na mteja mmoja aliyewachosha roho. Alikuja Jumamosi asubuhi, kaptula imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akachutama mbele ya gunia na kuanza kuchagua. Si kibaba kwa kibaba kama watu wengine. Harage kwa harage. Analiokota, analigeuza kwenye mwanga, akiliona lina kovu analirudisha. Akiulizwa kama anataka yale yanayoiva upesi, anajibu kwamba kuiva hakumhusu. Akina mama wa Kihehe wakatazamana. Mmoja akamwuliza kwa upole kabisa, "Sasa baba, kama huyapiki, unayavaa?"

Huyo ndiye Tabibu. Nitamwita hivyo tu, maana ndivyo mji mzima ulivyomwita, hata mkewe. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake wanazo ndugu zake, na wakitaka watazisimulia. Mimi ninayemjua ni yule niliyesimama naye miaka mingi kwenye mlango mmoja.

Vijana wa leo hawayajui mambo yetu ya zama za Mwingereza, kwa hiyo niseme. Hospitalini dresa alifunga vidonda. Daktari Mzungu alipasua na kutia sahihi. Katikati yao alikuwepo tabibu, Mwafrika aliyesomea kazi ile kwa miaka, akajua kupima, kutibu na kuandika dawa. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, juu ya njia ya kuteremkia Ipogolo. Siku hizi haipo, wamejenga maghala. Daktari wetu alikuwa na hospitali nyingine za kuangalia, nusu ya wiki yuko barabarani, kwa hiyo uso ambao mgonjwa aliuona kwanza ulikuwa wa Tabibu. Daktari mwenyewe alilijua hilo na hakuona wivu. Walikuwa wakinywa chai pamoja na kubishana juu ya mpira.

Mimi nilikuwa nesi. Aliniita Nesi wa Pwani kwa sababu babu yangu alitoka Bagamoyo na bidhaa zake kichwani, ingawa mimi nimezaliwa Iringa, nimekulia Iringa, na bahari nilikuwa sijaiona hata kwenye picha. Nikimwambia hivyo anasema, "Basi wewe ni samaki aliyezaliwa mlimani, ndiyo maana unanuna." Sikuwa nikinuna. Ndivyo uso wangu ulivyo.

Chumba chetu kilikuwa na mlango wake wa pembeni, tukauita mlango wa ghafla. Aliyekuja na kikohozi chake kwa miguu yake alipita mlango wa mbele, akakaa kwenye benchi, akasubiri zamu. Mlango wa ghafla ulikuwa wa waliobebwa: kwa machela, kwa baiskeli, kwa mgongo wa mama. Kwenye dirisha la chumba hicho, upande wa barabara, Tabibu alipanga machupa makubwa ya kioo cheupe yaliyokuja na dawa, moja kwa kila mwezi. Kila aliyebebwa akishapokelewa na kutulizwa, Tabibu alinawa mikono, akachukua harage moja, akalitia kwenye chupa ya mwezi ule. Jekundu lilikuwa homa. Jeupe lilikuwa tumbo la kuhara. Jeusi lilikuwa jeraha la namna yoyote, panga, moto, au kuanguka. La madoadoa lilikuwa kifua.

Daftari lilikuwepo, msidhani. Serikali ililitaka, naye alilijaza kwa mwandiko wa kupendeza. Lakini alisema daftari linasomwa na anayelifungua, na tangu aanze kazi hajamwona mtu akilifungua. Chupa inasomwa na anayepita.

Na kweli walipita, wakasoma. Mvua za kwanza zikiosha vilima na kuteremsha uchafu visimani, chupa ilipauka kwa meupe. Ikifika miezi ya ulanzi, mianzi inatoa pombe usiku na mchana na wanaume wanakumbushana ugomvi wa shamba, chupa iliingia weusi. Mvua zikielekea kwisha, madimbwi yamelala na mbu wamenona, inageuka nyekundu. Halafu inakuja baridi yetu ile ya katikati ya mwaka, upepo unapanda kutoka bondeni na kupenya kwenye mifupa, na chupa inajaa madoadoa mpaka shingoni.

Mji wetu unapenda habari, basi ile ikawa habari ya bure. Marehemu baba yangu alikuwa na duka la nguo, na kabla ya kuagiza mablanketi alikuwa akitoka msikitini na kupita njia ya hospitali, ingawa si njia ya nyumbani. Anasimama dirishani na kofia yake, anatazama, anarudi, anaagiza. Wauza ulanzi wao hawakufurahi. Walikuja watatu wakiwa na adabu nyingi, wakamwomba Tabibu ile chupa ya miezi yao aigeuze kidogo au aifunike na pazia, kwa kuwa wake za watu wameanza kuionyesha kidole. Tabibu aliwakaribisha chai, akawaambia atafurahi kuifunika siku watakapoacha kuijaza. Wakanywa chai, wakaondoka. Mwaka uliofuata weusi ulipungua kidogo, na wao wenyewe wakaja kumwonyesha.

Alikuwa na misemo yake. Uliotupendeza zaidi ni kwamba ugonjwa una adabu kuliko watu: hauingii bila kupiga hodi, ila sisi ndio hatuitikii. Akikuta dresa amesinzia, anagonga meza na kusema, "Hodi." Nusu ya wafanyakazi waliishi na ile hodi masikioni. Mimi mpaka leo mtu akibisha ghafla ninasimama na kutafuta maji ya kunawa.

Sasa msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Yule mtu aliogopa sindano. Aliwachoma watu kutwa nzima, lakini ilipofika zamu ya wafanyakazi kuchanjwa ndui alikumbuka shughuli Kalenga, akaenda, akarudi jua limezama. Tulimkamata kesho yake mimi na dresa wawili, na alipiga kelele mpaka wagonjwa wakaja kuona nani anauawa. Alihubiri mchana kutwa kwamba watoto wavishwe masweta, naye mwenyewe alitembea kwenye umande na shati la mikono mifupi, anaoga maji ya baridi asubuhi, anaimba. Aliimba vibaya. Katika ukweli alikuwa mkali kupita kiasi, hawezi kukuandikia siku moja ya mapumziko ambayo huumwi, lakini kwenye mpira alikuwa mwongo mkubwa. Kila bao la ujana wake lilizidi kuwa la mbali. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani na mkewe kila Jumapili, na sikukuu ya Idi alikuwa mtu wa kwanza kwenye sinia la pilau nyumbani kwetu, kabla hata ya wajomba.

Na aliwahi kukosea, tena mbele ya watu wote. Mwaka mmoja chupa ilianza kuwa nyekundu mapema, mvua hata hazijakolea. Tabibu akapita sokoni, msikitini akasimama nje, kanisani akasimama ndani, akatangaza homa inakuja kabla ya wakati, watu wajiandae. Mji ukajiandaa. Vyandarua dukani kwa baba vilikwisha. Wiki zikapita, homa haikuja. Kumbe mvua za huko juu zilikuwa zimefurisha mto kule Ipogolo, malori ya abiria kutoka mabonde ya joto yamekwama, na homa zile walikuja nazo abiria wenyewe kwenye mifuko yao, si za hapa. Tabibu alipogundua alirudi sokoni siku ya gulio, akapanda juu ya kreti na kusema wazi kwamba amekosea, hakuuliza watu wametoka wapi. Akaja na dukani kumwomba radhi baba kwa usumbufu. Baba alimsamehe haraka sana. Tangu hapo mgonjwa akiingia, hata awe amekatika mguu, swali la kwanza la Tabibu lilikuwa, "Umelala wapi wiki hii?" Wengine walidhani anawashuku uzinzi.

Lakini lilikuwepo jambo moja lililomnyima raha, nalo ni baraza. Wodi yetu ilikuwa moja tu, na msimu wa baridi ilijaa wakubwa. Watoto wa kifua tuliwalaza na mama zao barazani, kwenye mikeka, upande wazi unaotazama bondeni ambako upepo unatokea. Tulitundika shuka, upepo ukazichezea. Kila mama wa vilimani aliijua baraza ile. Basi mtoto akianza kukohoa, mama gani atamtoa penye moto wa nyumbani akamlaze kwenye upepo? Anangoja. Anangoja mpaka mbavu zinaingia ndani na midomo inabadilika rangi, ndipo anamfunga mgongoni na kukimbia. Walikuja kwa mlango wa ghafla kwa sababu mlango wa mbele waliuogopa.

Wengine walifika tumechelewa kuwapata. Siku hizo Tabibu hakutania mtu. Alitia harage la madoadoa kwenye chupa, akatoka nje kwenye bomba, akanawa mikono kwa muda mrefu sana, na sisi tulimwacha anawe. Aliniambia mara moja tu kwamba dawa tunayo na mikono tunayo, na kinachowaua watoto hawa ni kukosa ukuta. Alitaka baraza izibwe kwa matofali, iwekwe madirisha na jiko la kuni, basi. Daktari alimuunga mkono, wakaomba pamoja. Wakajibiwa walete hesabu. Wakapeleka. Wakajibiwa inafikiriwa. Baridi ikaja, ikapita, inafikiriwa. Tabibu akasema wazee walituonya tusipoziba ufa tutajenga ukuta, naye anaomba huo ukuta wenyewe na hapewi.

Halafu zikaja habari. Bwana mkubwa wa afya kutoka Dar es Salaam atapita kwetu, mvua zikishakatika, kabla ya baridi kuanza. Daktari alikuwa amemsimulia habari za zile chupa, naye akasema atapenda kuziona. Tabibu hakulala vizuri wiki ile. Chupa za mwaka mzima zilikuwa dirishani zimejipanga, tangu baridi iliyopita mpaka mwezi ule, na yeyote mwenye macho angeona zile tatu za madoadoa zimesimama pembeni zimejaa. Alizipangusa vumbi kila asubuhi. Alisema mara hii hawatasema wanafikiri, wataona.

Hapa lazima nimlete Mama Jikoni. Alikuwa mpishi wetu mpya, Mngoni wa Songea, mwanamke mnene wa sauti na mwepesi wa mkono. Na Tabibu alikuwa Mhehe. Sasa Mhehe na Mngoni ni watani tangu vita vya mababu zao, na mtani hana mpaka: kitu chake ni chako, na chako ni chake, na anayekasirika ndiye mshindwa. Miezi michache kabla ya hapo Mama Jikoni alikuwa amepata habari ya msiba wa kaka yake. Tulipokwenda kuhani tukamkuta Tabibu ameshafika, amejifunga kanga yake Mama Jikoni kiunoni, ameukalia mwiko wake, anadai marehemu alimwachia urithi. Mama Jikoni alilia mpaka akacheka, akacheka mpaka akalia tena. Akamwambia, "Mtani, haya yana malipo." Tabibu akajibu anayasubiri.

Asubuhi ya ugeni malipo yakafika. Mvua za mwisho zilikuwa zimekata njia ya shamba, maharage ya jikoni hayakuletwa, na mgeni lazima ale. Mama Jikoni akapita dirishani akiwa na ufunguo wa usafi, akaona maharage safi, yaliyochaguliwa, hayana hata kovu. Hakuna aliyekuwa amemwambia ni ya nini. Alidhani mtani wake anaweka mbegu. Akaona Mungu amejibu mambo mawili kwa pamoja. Akayamimina yote kwenye ndoo, akayapika makande, na kwa kuwa ni mtu msafi akaziosha chupa, akazifunika kichwa chini zikauke.

Tulizikuta hivyo mimi na Tabibu. Zinang'aa. Tabibu akaenda jikoni, nami nyuma yake. Mama Jikoni alikuwa anakoroga, ametabasamu mpaka masikioni.

"Mtani, leo nimekuweza."

"Yote?"

"Yote. Ila mengine magumu kama kichwa chako. Nimeyachemsha tangu alfajiri."

Tabibu akacheka. Utani ulimlazimu, akacheka, lakini mkono wake niliuona umeshika mwimo wa mlango na vidole vimekaza. Kisha akamweleza taratibu yale maharage yalikuwa nini. Mama Jikoni akaweka mwiko chini. Machozi yakaanza kumtoka, na Tabibu akamvuta pembeni, akamwambia asilie juu ya sufuria, chumvi imetosha.

Mimi nilitaka tukimbie sokoni. Maharage yapo tele, chupa zipo, na miezi yote tunaikumbuka, nani atajua? Nilishafika mlangoni. Tabibu akanizuia.

"Nikiyajaza mimi nitakuwa nimewaumba wagonjwa, Nesi wa Pwani. Muumba mmoja anatosha."

Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilifikiri juu ya baraza na upepo, nikaona ukweli wake ni anasa. Lakini alikuwa mkubwa wangu, nikanyamaza na kununa, na safari hii nilinuna kweli.

Bwana mkubwa akafika. Mrefu, amekauka na jua, amekaa Tanganyika muda mrefu, Kiswahili chake kinakwenda mbele bila kutazama nyuma. Daktari alimtembeza wodini. Walipofika dirishani Tabibu alimweleza tu kwamba chupa ziko tupu kwa ajali ya jikoni. Yule bwana akaitikia kwa heshima, na mimi nikaiona kwenye uso wake ile "inafikiriwa." Wakaja kula.

Makande yakapakuliwa. Bwana mkubwa alikuwa na njaa, akala vizuri, akasifu. Halafu akasita, akatoa kitu kinywani na kukiweka ukingoni mwa sahani.

"Chakula mzuri sana. Lakini hii moja iko ngumu."

Akaendelea. Akatoa lingine. Tabibu alikuwa amesimama upande wake, hajagusa sahani yake mwenyewe. Nikamwona anainama kutazama ule ukingo. Yote mawili yalikuwa ya madoadoa. Uso wake ukabadilika, na nikajua kuna jambo, ila sikujua lipi.

"Bwana," akasema, "ulikuja kuona chupa zangu. Ndizo hizo unazokula. Kila harage hapo ni mtu mmoja aliyebebwa kupita mlango ule. Jekundu ni mtu wa homa. La madoadoa ni mtoto wa kifua."

Bwana mkubwa akaweka kijiko. Daktari akafunika mdomo kwa leso. Mama Jikoni, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, akasema "Yesu wangu."

"Lakini sasa nimechanganya," akasema yule bwana. "Mwezi gani, sijui."

"Unajua, bwana. Meno yako yanajua. Harage lililokaa dirishani mwaka mzima haliivi, muulize mpishi yeyote wa nchi hii. Laini ni ya miezi ya karibuni. Magumu ni ya baridi iliyopita. Endelea kula tu, na magumu uweke pembeni."

Nilidhani atafukuzwa kazi. Lakini yule Mzungu alimtazama, akachukua kijiko, akaendelea. Alitafuna polepole, na kila lililogoma alilitoa na kulipanga ukingoni. Sote tulikuwa tumesimama tukimtazama mtu anayekula. Jekundu moja moja, jeusi moja, na madoadoa, madoadoa, madoadoa, mpaka ukingo wa sahani ukazungukwa.

"Hii yote ni watoto?"

"Karibu yote. Ni wale waliolala barazani."

Akauliza kwa nini yeye Tabibu hali. Tabibu akajibu kwamba hawezi, hao amewapokea kwa mikono yake. Akasema atakula maharage ya madoadoa siku ambayo baridi nzima, mwanzo hadi mwisho, haitajaza kisahani cha chai. Bwana mkubwa hakuahidi kitu. Aliyakusanya yale magumu kwenye leso yake, akaifunga, akaitia mfukoni, akaomba aonyeshwe baraza.

Matofali yalikuja kwa lori kabla ya upepo kuanza. Ukuta ukasimama, madirisha yakaingia, jiko la kuni likajengwa katikati na fundi wa Kihehe aliyelisifu kuliko nyumba yake. Mama Jikoni alitangaza kwamba ukuta ule ni wake, ameupika yeye, na mtani wake akitaka kuuegemea aombe ruhusa. Tabibu aliomba ruhusa kila siku. Na akina mama wakaanza kuja mapema, mtoto angali anakohoa tu, kwa mlango wa mbele, wanakaa kwenye benchi wanalalamika zamu inachelewa. Sijawahi kufurahia malalamiko namna ile.

Haukupita muda Tabibu akahamishiwa Mbeya. Tulimsindikiza mpaka kwenye basi, akaniachia chupa, na akaniachia na ugomvi wa wauza maharage. Habari zake zikawa zinaletwa na madereva: kwamba Mbeya amekuta baridi ya Iringa ni mtoto mdogo, kwamba akina mama wa Kisafwa wana maharage ya rangi nyingi mno na amechanganyikiwa, sokoni anakaa nusu siku, kwamba alikwenda Makongolosi kuwatazama wachimba dhahabu, akarudi na chupa iliyojaa maharage meusi matupu. Dereva mmoja alisema amemsikia akiimba bafuni alfajiri na Mbeya nzima imeganda. Tukajua hajambo.

Nilimwona tena mwishoni mwa baridi moja, miaka hiyo ya hamsini inaelekea ukingoni. Nilikuwa nafunga dawa, nikasikia mtu amegonga meza nyuma yangu na kusema hodi. Nikasimama kabla sijageuka. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, meno mawili matatu yameondoka, na alikuwa amevaa sweta. Sweta zito, tena la dukani kwa baba. Nikacheka mpaka nikashika kiuno, naye akasema ni la mkewe, amelazimishwa. Nilifurahi kumwona mtu yule kuliko ninavyoweza kuandika.

Alikuwa ameshapita wodini kusalimia. Sasa akaenda dirishani. Akatazama chupa za baridi, akaziinua moja moja kwenye mwanga kama alivyofanya sokoni. Halafu akaomba kisahani cha chai.

Tulikaa mezani tukachambua. Mekundu huku, meupe huku, meusi huku, na madoadoa ya baridi nzima kwenye kisahani. Tulipomaliza akakitikisa kidogo yakae sawa. Sehemu ya chini ya kisahani ilikuwa bado inaonekana. Tabibu akavua miwani, akaifuta na lile sweta, akaivaa, akatazama tena. Nami nikageuka upande, nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Akatoa harage moja, akalitia mfuko wa shati. Yaliyobaki akampelekea Mama Jikoni mwenyewe.

"Mtani," akasema Mama Jikoni, "leo unakula watu?"

"Hawa wameshakwenda kwao, wazima."

Aliyala jioni ile kwa kijiko cha chai, polepole, mimi na Mama Jikoni tumekaa pande mbili. Nikamwuliza kuhusu lile la mfukoni. Akasema ni la yule mtoto wa mwisho pale wodini karibu na jiko, mama yake ametoka naye Kalenga juzi, amebebwa. Hawezi kumla mtu ambaye bado yuko kitandani.

Asubuhi, kabla ya basi, alinipitia tukaingia wote wodini. Mule ndani kulikuwa na joto, kuni zinalia kwenye jiko, na nje ya madirisha upepo unahangaika. Yule mtoto alikuwa amekaa, ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili, amejipaka mpaka kwenye pua. Alitutazama akaona hatuna maana, akarudia uji wake. Tabibu akamwekea sikio mgongoni, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Akasimama, akaingiza vidole mfukoni, akalitoa lile harage, akalitupia kinywani. Bichi. Kavu. Akaanza kulitafuna kwa meno aliyobaki nayo, na sauti yake ilisikika wodi nzima, mpaka mama wa mtoto akamvuta mwanawe karibu kidogo.

"Gumu," akaniambia, machozi yanamtoka, na bado anatafuna.